Ruzuku za sayansi kwa vyuo vya jamii za wachache Marekani: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Chuo kikiwa na wanafunzi Weusi wengi, fungu lake lipo tu.

Ukweli: Sifa ya chuo hukupa ruhusa ya kuomba, basi. Na sifa yenyewe si kuhesabu vichwa darasani. Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965 inavitambua kama vyuo vya kihistoria vya Weusi vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Bluefield State, West Virginia, kilianza hivyo mwaka 1895. Leo wengi wa wanafunzi wake ni wazungu, na bado kinahesabika humo. Vyuo vya Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ndivyo vinavyohesabiwa vichwa: angalau asilimia 25 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wawe Walatino.

Dhana: Wanasiasa wa Washington ndio wanaochagua.

Ukweli: Bunge hupitisha fedha. Maandiko ya miradi husomwa na wahadhiri na watafiti kutoka nje, wasio na maslahi na mwombaji. NSF, shirika la serikali linalofadhili sayansi, lenye programu ya HBCU-UP kwa vyuo vya kihistoria vya Weusi, huwataka wapime mambo mawili: uzito wa wazo kitaaluma, na faida yake kwa jamii. Halafu ofisa wa programu hupendekeza, na hapo hafungwi na alama peke yake. Wizara ya Elimu hutegemea zaidi alama: maandiko hupangwa kuanzia la juu, fedha hushuka nayo hadi ziishe. Aliyekosa alama moja amekosa.

Dhana: Lia shida, utapewa.

Ukweli: Hapa ndipo wengi huanguka, tena wenye shida za kweli. "Maabara yetu imechakaa" haimtoshi msomaji mwenye rundo la maandiko mezani. Anataka kujua ni wanafunzi wangapi hufeli hesabu za mwaka wa kwanza, nani atawafundisha upya, kwa saa ngapi, na nani atapima kama imesaidia.

Dhana: Ukikataliwa hujui kwa nini.

Ukweli: NSF humrudishia mwombaji maoni ya wasomaji. Yasome hasira zikishatulia.

Dhana: Programu ikishawekwa, ipo siku zote.

Ukweli: Septemba 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kusitisha takriban dola milioni 350, ikidai kuwa kuvipa vyuo sifa kwa asilimia za rangi kunakiuka katiba. MSEIP, programu ya sayansi na uhandisi, ilikuwamo. Programu za vyuo vya kihistoria vya Weusi hazikuwamo. Vyuo hivyo havipimwi kwa asilimia.