Eneo bunge la zamani ni lipi hasa?

Uchaguzi ukikaribia, redioni hapa Nakuru hakukosi mchambuzi wa kutuambia kwamba mbunge wa kwanza wa Nakuru Town East alikuwa Achieng Oneko. Msikilizaji wa pili anapiga simu kubisha, eti Oneko alikuwa wa Nakuru Town West. Wote wawili wamekosea.

Eneo bunge la zamani ni lile lililowahi kuwa na kiti Bungeni, halafu mipaka ilipochorwa upya likatoka kwenye orodha kwa kugawanywa, kuunganishwa na jingine au kupewa jina jipya. Maana yenyewe ni hiyo tu. Vurugu huanza tukitaka kujua wabunge wake tuwaweke wapi.

Nakuru Town ilikuwa na kiti kimoja. Mwaka 2007 mpiga kura wa Kaptembwo na mwenzake wa Kivumbini walishika karatasi yenye majina yale yale, na mshindi akawa Lee Kinyanjui. Mwaka 2013 hao hao wawili, bila kuhama nyumba, walipiga kura katika maeneo tofauti: Kaptembwo, pamoja na Rhoda, Shaabab na London, iko Nakuru Town West, na ikampata Samuel Arama; Kivumbini, Flamingo na Biashara ziko Nakuru Town East, zikampata David Gikaria. Katiba ya 2010 ndiyo iliyopandisha viti kutoka 210 hadi 290, na kaunti yote ya Nakuru ikatoka maeneo sita ikawa na 11.

Sasa, kilichogawanywa ni mipaka. Historia ya kiti haikukatwa vipande wapewe warithi. Oneko alichaguliwa 1963 na Nakuru Town, akawa waziri wa habari, na 1966 akajiuzulu na kumfuata Jaramogi Oginga Odinga katika KPU, chama cha upinzani. Sheria ikabadilishwa haraka haraka: mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Akarudi, akashindwa. Ushindi ule na kushindwa kule vyote ni vya Nakuru Town.

Kuna na hili la Mirugi Kariuki, linaloniudhi zaidi. Alishinda kiti cha Nakuru Town 2002, akafa Aprili 2006 katika ajali ya ndege Marsabit, akiwa na viongozi wenzake waliokwenda kutafuta amani. Julai ukafanyika uchaguzi mdogo, na mwanawe William akashinda. Leo utasikia kwamba mtoto "alirithishwa" kiti. Huruma ya wapiga kura ilikuwepo, nani atakataa? Lakini alikuwa na wapinzani, na kura zilihesabiwa. Anayetaka kulalamikia jina la ukoo alalamike, ila asiseme uchaguzi haukuwepo.

Wengine huchanganya eneo bunge na mji wenyewe. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, waliuliza kiti kipya kiko wapi. Hakipo. Jiji ni habari ya kaunti na huduma zake. Mipaka ya ubunge huchorwa na tume ya uchaguzi, kwa kuangalia hasa idadi ya watu. Kosa la kuwapa wabunge wa zamani viti vya leo liko Kisumu pia: Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Kenya, aliingia Bungeni 1969 kwa kura za Kisumu Town. Kumwita mbunge wa kwanza wa Kisumu Central, eneo lililopigiwa kura mara ya kwanza 2013, ni kumpa kiti ambacho wakati wake hakikuwepo.

Kwa hiyo, ndugu mchambuzi, Oneko alifariki 2007, na Nakuru Town East ilipata mbunge wake wa kwanza 2013. Sema tu "mbunge wa iliyokuwa Nakuru Town". Ni maneno mawili matatu zaidi, na yule wa kupiga simu atakosa la kubishia.