Uso unaoparuza hauongezi nguvu ya kipandikizi cha jino

Malalamiko kuhusu vipandikizi vya meno, yaani vile vijiti vya titani vinavyopandwa kwenye mfupa wa taya ili vishike jino bandia, yanazidi kutufikia hapa Malindi, na mengi yanaanza hivi: "Niliambiwa hiki kimetiwa dawa juu, hakivunjiki." Hakuna kipandikizi kisichovunjika. Tena uso wake haukufanywa wa kuparuza ili chuma kiwe kigumu zaidi, bali ili mfupa upate pa kushika.

Kiwandani, uso wa titani hupigwa chembe ngumu, aghalabu za alumina, kisha huchovywa kwenye asidi. Hubaki na vishimo vya wastani wa maikromita 1 hadi 2, ambavyo jicho halivioni. Mfupa hushikana navyo upesi kuliko ule uso laini aliotumia Brånemark, mwanzilishi wa vipandikizi vya titani, kule Uswidi kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Faida hiyo ni kubwa na tunaitaka.

Kwa upande wa nguvu, kuna neema na hatari. Kupigwa chembe hukandamiza ngozi ya chuma, na mkandamizo huo huchelewesha ufa. Lakini kishimo chenye ncha kali, au chembe iliyonasa humo, huweza kuanzisha ufa. Na asidi ikizidishwa, haidrojeni huingia kwenye titani ikaifanya ivunjike kwa urahisi. Ndiyo maana kuna kipimo cha kimataifa cha uchovu wa chuma, ISO 14801: kipandikizi hulazwa kwa mwinamo wa digrii 30, milimita 3 zikiachwa wazi kana kwamba mfupa umeliwa, kisha hubanwa na kuachiliwa, hadi mara milioni 5 kikijaribiwa pakavu.

Kinachoamua zaidi ni unene. Fimbo ya titani ya milimita 3 huhimili kupindwa chini ya nusu ya ile ya milimita 4. Kwa hiyo daktari akikwambia pengo lako la gego linahitaji kipandikizi kinene, au mfupa uongezwe kwanza, hakutafutii gharama.

Mvuvi mmoja alituletea skrubu ya kipandikizi chake iliyokatika. Chini ya lenzi, sehemu kubwa ya mkato ilikuwa na mistari iliyofuatana kama ya ganda la kombe: chuma kilichochoka kidogo kidogo, si pigo la siku moja. Eksirei ilionyesha mfupa umeshuka, na mwenyewe husaga meno usingizini. Uso wa kipandikizi haukuwa na kosa lolote.

Na jambo hili tuelewane, kwa sababu tumelisema mara nyingi: kipandikizi kilichotolewa mdomoni hakioshwi kwa asidi kikarudishwa, wala hakipewi ndugu. Pakiti yake ina alama ya 2 iliyokatwa kwa mstari, maana yake kitumike mara moja tu.

Kabla ya kulipa, tazama jina la daktari kwenye sajili ya mtandaoni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na leseni yake iwe ya mwaka huu. Kliniki nayo ina leseni yake yenyewe. Ya daktari haitoshi. Vifaa vya tiba viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, kwa hiyo kipandikizi ulichonunua safarini ukakitia mfukoni hatutakiweka. Baada ya upasuaji, dai stika ya pakiti yenye aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo: moja ibaki kwenye faili, moja uondoke nayo.

Ukiwa na lalamiko, liandikie Baraza, ukitaja tarehe na kuambatisha risiti na nakala ya stika. Daktari akipatikana na hatia anaweza kuonywa, kusimamishwa leseni au kufutwa kwenye sajili. Asiyesajiliwa kabisa ametenda jinai, na huyo ni wa polisi na mahakama. Kipande kilichovunjika usikitupe wala usikisugue. Kitie kwenye chupa kavu, uje nacho pamoja na eksirei zako zote, hata zile za zamani.