Buibui mrukaji wa ukutani hakurukii wewe
Barazani, Unguja hata Pemba, buibui mdogo wa kijivu akiruka utasikia: muueni, anarukia watu! Sivyo. Anamrukia nzi au mbu. Sumu anayo, lakini ni ya kulegeza wadudu. Humng'ata mtu kwa nadra, akibanwa.

Mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini, kisha mtazame usoni: macho manane, mawili ya katikati makubwa, meusi, yanang'aa. Sogeza kidole, naye hugeuka kukifuata. Anayeenea sana kwenye kuta za nchi za joto ni Menemerus bivittatus, bapa, kiasi cha milimita 10. Hatandi utando wa kunasia. Kabla ya kuruka hubandika uzi, ili akikosea aning'inie. Tando za vumbi darini ni za buibui wengine.