Tope lililokauka kwenye injini: presha si dawa

Land Cruiser ikirudi masika kutoka kuzama kwenye udongo mweusi wa mbuga, vijana wengi wa kuosha magari watakwambia: "Piga presha injini ikiwa bado ya moto, tope linaachia lenyewe." Haliachii. Udongo ule ni mfinyanzi, na joto la injini limeshaukausha ukawa mgumu kama chungu. Kinachoulegeza ni maji na muda.

Maji baridi yakimwagwa juu ya chuma cha moto hukisinyaza ghafla. Manifoldi ya ekzosi (bomba la chuma linalokusanya moshi wa injini) inaweza kupasuka. Presha nayo husukuma maji kupita sili (mipira ya kuzuia maji) hadi ndani ya soketi za nyaya, oltaneta (jenereta inayochaji betri) na boksi la fyuzi. Siku hiyo gari linawaka vizuri tu. Baadaye kutu ikishika pini za soketi, linaanza kumisi (injini inakatakata), na fundi anabadilisha plagi zisizo na kosa.

Acha injini ipoe mpaka uweze kuiwekea kiganja. Chomoa waya hasi wa betri. Funika oltaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa kwa nailoni. Lowesha kwa maji ya sabuni yasiyo na presha, subiri dakika 20, sugua kwa brashi laini, rudia. Tope la jana huenda likataka mizunguko mitatu.

Rejeta imwagie maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, taratibu, maana mapezi yake (vibati vyembamba vya kupozea) hupinda kirahisi.

Kuosha kwa petroli? Usithubutu. Cheche moja inatosha.