Biti sio feki, ni spidi yako

Wiki hii nimeletewa biti ya tatu ya kutobolea chuma, ncha imeungua hadi imekuwa bluu, na maneno ni yaleyale, "fundi hii biti feki, imegoma kwenye stenlesi na nilikuwa nimeweka spidi ya mwisho kabisa." Sasa hapo si umeshajijibu mwenyewe jamani.

Hii ya kwamba chuma kikiwa kigumu unaongeza spidi ndo inanichosha kuliko zote. Ni kinyume chake, kigumu kinataka spidi ndogo na ukandamize kwelikweli. Biti haisugui, biti inakata, kila mzunguko ule ukingo uingie kwenye chuma unyanyue kitu. Na stenlesi kama aina ya 304, ile ya kawaida, ina tabia mbaya, ukiisugua bila kuikata inakomaa palepale, yaani unaitengenezea ngozi ngumu kwa mkono wako halafu unashangaa biti inateleza na kupiga yowe. Juu ya hapo haipitishi joto vizuri, kwa hiyo moto mwingi unaishia kwenye ncha ya biti, bluu hiyo imetoka huko.

Hesabu ya raundi nyepesi, chukua spidi ya kukatia, yaani mwendo wa ukingo wa biti kwenye chuma, kwa mita kwa dakika zidisha 1000, kisha gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha biti kwa milimita. Kwa biti ya HSS, ile ya kawaida ya chuma cha kukatia, mi naweka mita 25 chuma laini, stenlesi mita 10 hivi. Biti ya milimita 10 inakupa raundi kama 800 kwa dakika kwenye chuma laini, stenlesi 320 tu. Keekee ya mkono ukibana swichi mpaka mwisho inaweza kukaribia 3000, piga hesabu mwenyewe umezidisha mara ngapi.

Angalia kinachotoka. Nyuzi mbili zinajikunja, moja kila mfereji, uko sawa. Unatoka unga, au hakitoki kitu ila mlio, acha hapohapo usiendelee kubembeleza. Chukua biti kali, punguza spidi, mafuta, egemea, na kama upande wa pili unafikika anzia huko kwenye chuma ambacho hujakikomaza. Uzi ukitoka upande mmoja tu basi umenoa kingo hazilingani, tundu litatoka kubwa kuliko biti, na hilo pia watu wanasingizia biti.

Mafuta si ya kila kitu lakini. Chuma cha kumwaga, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, toboa kikavu, kina grafiti yake ndani, ukiweka mafuta unapata tope jeusi.

Tundu la kuongozea nalo, lile dogo unalotangulia kutoboa kabla ya biti kubwa, eti likiwa kubwa ndo kazi rahisi. Kazi yake ni kuiondolea biti kubwa ule upana wa kati ambao haukati, unasukuma tu, kwa hiyo lizidi huo upana kidogo inatosha. Likizidi sana biti inakata kwa pembe za nje tu, zinadaka zinavunjika.

Rangi ya dhahabu kwenye biti sio kobalti, ile metali inayochanganywa ili biti istahimili joto! Kwa kawaida ni ngozi nyembamba ya nitridi ya titani juu ya biti, ukinoa ncha inaondoka. Kobalti imo ndani ya chuma chenyewe, aina ya chuma cha biti iitwayo M35 ina asilimia 5 hivi, M42 kama 8, hata unoe mara kumi bado ipo.

Na glovu kwenye mashine ya kutoboa vua, uzi ukidaka kitambaa mkono unafuata. Kazi ifungwe kwenye jiliwa, sio kushikiwa na msaidizi.

Ile biti ya bluu nilikata palipoungua nikainoa pembe ya ncha digrii 135, nikaweka raundi 300 na mafuta ya kukatia, ikapita pleti ya milimita 6 bila kelele, mwenye biti akiwa amesimama pembeni. Bado anasema nimembadilishia.