“Mchezo wa ushirika” si moyo wa kushirikiana

Siku hizi andiko la mradi wa sola ya kijiji halikamiliki bila “mchezo wa ushirika”, na mara nyingi linamaanisha majirani wema wanaogawana umeme. Sivyo. Katika nadharia ya michezo, tawi la hisabati linalochambua maamuzi ya watu ambao matokeo yao yanategemeana, mchezo ni wa ushirika pale wahusika wanapoweza kufunga makubaliano yanayowabana. Kinachobaki ni kujua kila kundi linaweza kuzalisha faida gani, na igawanywe vipi. Basi.

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Shirika, ushirika, ushirikiano, hata ushirikina, yote yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu wa kuwa na fungu pamoja. Ushirikiano ukabeba ile “-ana” ya kutendana, ukaegemea tabia za watu. Ushirika ukaenda kwenye chama: Moshi ukilitaja, mtu anawaza kahawa, KNCU ya 1933 (chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro) na mkutano mkuu. Wanahisabati hawamaanishi hilo wala lile. Mwanahisabati John Nash alipotenga aina mbili za michezo mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukarimu haukuwa kigezo. Chukua upatu, ambao mitaani nao huitwa “mchezo”: watu wanachangiana mwezi hadi mwezi, lakini kama aliyepokea mwanzo anaweza kuingia mitini na hakuna wa kumbana, kinadharia huo si mchezo wa ushirika. Mahasimu wawili wenye mkataba unaotekelezeka, wao wamo.

Kosa la pili ni kudhani ushirika ni kugawana sawa. Tuseme nyumba yenye paneli ina ziada ya uniti 10 mchana. Gridi inainunua kwa shilingi 8 na kuuza kwa 20, hivyo kila uniti inayouzwa kwa jirani inaokoa 12. Mashine ya kusaga inahitaji uniti 8, jokofu la maziwa nalo 8. Watatu wakiungana faida ni 120. Mwenye paneli na mmoja wao tu, 96. Ukigawa 40 kwa 40 kwa 40, mwenye paneli na mashine wana 80, wakati peke yao wangepata 96. Watamwacha wa jokofu.

Thamani ya Shapley (ya mwanahisabati Lloyd Shapley, 1953) inapanga watatu kwa kila mfuatano wa kuingia, mifuatano 6, na kumpa kila mtu wastani wa anachoongeza: mwenye paneli 72, mashine 24, jokofu 24. Hapo mwenye paneli na mashine wana 96 kamili, hakuna wa kujitenga. Ila usiitangaze kuwa dawa ya utulivu. Mahitaji ya kila mnunuzi yakipanda hadi uniti 9, mgao unakuwa 76, 22, 22. Wawili wana 98 lakini wakijitenga wanapata 108. Haki ya Shapley ni kitu kimoja, kundi kutovunjika ni kingine.

Na hesabu yote hii inadai mita inayosoma saa kwa saa. Mita inayotoa jumla ya mwezi haijui nani alitumia umeme saa sita mchana. Wanachama wakifika 20, makundi ya kukokotoa yanapita milioni moja, ndiyo maana watu huchukua sampuli ya mifuatano kwa bahati nasibu.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa mradi, palipoandikwa “ni mchezo wa ushirika kwa sababu wanakijiji wana umoja”, weka “kwa sababu wamesaini mkataba wa mgao, na yupo wa kuusimamia”. Kama hajasaini mtu, andika tu “ushirikiano”.