Kioo kimeganda asubuhi ya Julai: weka chini hayo maji ya moto

Baridi ya Juni ikishatua Arusha, gereji yetu huanza kupokea Land Cruiser zenye ufa mrefu kwenye kioo cha mbele, na hazijagongana na kitu. Dereva akieleza, habari ni ileile: gari lililala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, asubuhi kioo kikawa cheupe kwa barafu, wageni wameshapanda, mtu akachota maji ya moto jikoni akakimwagia. Naandika haya kwa madereva wa utalii kwa sababu kioo kile ni pesa nyingi, na kwa sababu dereva ambaye haoni vizuri ndiye huyohuyo anayewashusha watu mteremko wa Seneto, barabara ya kuingilia kretani.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati, na kioo hupitisha joto polepole. Ukikimwagia maji yaliyotoka kuchemka wakati chenyewe kiko nyuzi 0, uso wa nje unatanuka papo hapo huku wa ndani ukiwa bado umesinyaa. Kioo kisicho na kidonda huweza kustahimili. Cha gari la safari mara nyingi hakistahimili, maana barabara ya kokoto ya kwenda Serengeti imeshakiachia vidonda, na ufa huanzia kwenye kidonda. Ukiona alama ya kokoto, hata iwe ndogo kama punje ya mchele, ipeleke ikajazwe gundi kabla ya Juni. Isitoshe, maji yale ya moto hupoa upesi, hutiririka hadi kwenye waipa na kuganda upya.

Wengi huniuliza barafu imetoka wapi ikiwa kipimajoto cha kambini kilionyesha nyuzi 3. Ukingo wa kreta uko kwenye mita 2,300 hivi, karibu mita 900 juu kuliko Arusha mjini. Usiku usio na mawingu, kioo na bati la gari hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayovizunguka. Mvuke wa hewani ukigusa kioo hicho unaganda hapohapo, ingawa hewa yenyewe haijafika nyuzi 0. Usiku wa ukungu mzito, ambao kule ukingoni mnaufahamu sana, barafu haiji, kwa kuwa wingu linarudisha joto chini. Kwa hiyo kabla ya kulala tazama juu. Ukiona nyota zimetapakaa na upepo umetulia, funika kioo kwa turubai au boksi lililokunjuliwa, ncha zake uzibane na milango. Kuegesha chini ya matawi nako kunasaidia, kwa sababu matawi hufanya kazi ile ya wingu.

Ukiwa hukufunika, anza mapema. Anayetaka kuanza kushuka saa 12 asubuhi asilitegemee jua, maana Julai huwa bado halijachomoza saa hiyo. Washa injini, elekeza hewa ya hita kwenye kioo, acha joto lipande taratibu pamoja na injini. Wakati huo kwangua kwa kipande cha plastiki ngumu; kadi ya zamani inatosha. Kisu na kifuniko cha sufuria huacha mikwaruzo ambayo taa za magari yanayokuja zitaimulika kila usiku. Dawa ninayoipenda ni spiriti: sehemu mbili za spiriti kwa moja ya maji, kwenye chupa ya kupulizia. Spiriti huganda kwenye baridi kali mno ambayo Tanzania haina, hivyo ikichanganyika na barafu huiyeyusha bila kukishtua kioo. Iweke mbali na jiko, inawaka. Na usiguse swichi ya waipa kabla hujazinyanyua raba kwa mkono. Zikiwa zimenata, mota itazing'ang'ania, na utaniletea raba zilizochanika au mota iliyoungua.

Sasa nije kwenye ukungu wa ndani, ambao kwa maoni yangu ni hatari kuliko barafu. Barafu utaiona kabla hujaondoka. Ukungu unakuja mkiwa njiani, watu saba ndani, majaketi yamelowa umande, madirisha yamefungwa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 huweza kubeba mvuke wa gramu 17 hivi. Hewa hiyo ikishuka hadi nyuzi 0 inabakiza kama gramu 5 tu. Hizo nyingine lazima zitue mahali, na mahali penyewe ni kwenye kioo. Kuzifuta kwa kiganja ni kuzisambaza, tena unaacha mafuta ya ngozi yanayovuta ukungu unaofuata.

Kinachoondoa ukungu ni hewa iliyo kavu na yenye joto kwa pamoja. Zima kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake, ili hewa ya nje iingie. Kama gari lina AC, iwashe pamoja na hita. Najua wengi wanaona ni kupoteza mafuta kuwasha AC kwenye baridi, lakini AC hukausha hewa: mvuke hugeuka maji kwenye mabomba yake baridi na kudondokea chini ya gari, kisha hita inaipasha hewa iliyokauka. Nje kukikaribia nyuzi 0, mifumo mingi huzuia kompresa, yaani pampu ya AC, isifanye kazi, kwa hiyo usishangae ikikataa. Magari ya zamani yasiyo na AC yafungue madirisha mawili kidogo, moja mbele na moja nyuma upande wa pili. Wageni watalalamika baridi. Waelezeni kwa upole, wataelewa. Kioo cha ndani kioshwe kwa sabuni ya vyombo na kukaushwa kabla ya kila safari, kwani vumbi na mafuta ndivyo vinavyoshika matone. Zulia lililolowa litolewe nje, la sivyo linatoa mvuke siku nzima.

Kwenye rejeta, weka kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini, si maji ya bomba. Kulanti nusu kwa nusu na maji huvumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Baridi hiyo hatuna, hata kwenye uwanda wa Shira kule Kilimanjaro. Faida yake kwetu iko upande wa pili, kwamba huchelewa kuchemka kuliko maji: mlimani maji huchemka mapema, ukingoni mwa kreta kama nyuzi 92, na gari linalopanda Lerai, barabara ya kutokea kretani, likiwa limejaa linahitaji kila nyuzi ya akiba. Kulanti pia inazuia kutu.

Jambo moja nawaomba msilipuuze. Msilale ndani ya gari injini ikiunguruma ili hita iwape joto. Kwenye nchi za theluji, theluji huziba bomba la ekzosi na gesi ya kaboni monoksidi ikajaa ndani. Haina harufu na inaua watu usingizini. Huku theluji ya kuziba bomba hakuna, ila ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu iliyooza inafanya kazi ileile, na magari ya namna hiyo nayaona kila msimu. Ndugu zetu wanaoendesha Kanada au Ujerumani waongeze hili: theluji ya juu ya paa iondolewe yote kabla ya safari. Ukifunga breki huteleza mbele na kuziba kioo chote, au humwangukia aliye nyuma.

Paa la kunyanyua nalo huganda kwenye raba zake. Likigoma asubuhi, msilisukume kwa mabega, bawaba zinapinda. Zungusha spiriti kwenye raba, subiri kidogo, kisha nyanyueni watu wawili, kila mmoja upande wake. Na raba hizo zipakwe silikoni mwezi Mei, gari likija kufanyiwa sevisi ya msimu.